Mgeni Asiyeitwa

Slava, sherehe ya kila mwaka ya mtakatifu mlinzi wa ukoo, haina mwaliko. Siku inajulikana, nyumba inajulikana, njia inajulikana. Aliyekuja mwaka jana atakuja mwaka huu, na asiyekuja anajua mwenyewe kwa nini. Kumpigia mtu simu umwambie aje slava ni kumtukana mara mbili: kwanza umemwona msahaulifu, pili umemwona mtu baki. Katika mji ule ulio kando ya mto Morava, hata watoto hulijua hilo kabla ya kujua kusoma. Relja alilijua pia, na bado alilitenda kosa.

Alikuwa golikipa wa timu ya mpira wa mikono ya mji, mrefu wa kuinama kila mlangoni, mwenye mapaja yenye alama za mipira kama ukuta uliopigwa mawe. Kwa kipa wa mchezo ule, kupigwa ndiyo kazi. Mtu anaruka mbele yako, anautupa mpira kwa nguvu zake zote, nawe unaupokea kwa kifua, kwa goti, kwa uso ikibidi. Basi mwanzoni mwa msimu, timu iliposhinda na mtangazaji akamuuliza ushindi huu anamtunukia nani, hakuona sababu ya kukwepa. Alisema anamtunukia Tibor, mwanamume anayeishi naye na anayempenda. Alilisema mbele ya kamera, jasho likimtiririka, kwa sauti ileile anayowapangia mabeki wake. Kisha akaenda kuoga.

Alipotoka bafuni, nchi nzima ilikuwa imeshasikia.

Hakujuta. Kampuni ya juisi ilipoibandua picha yake kwenye mabasi, hakujuta. Majukwaa ya ugenini yalipomwimbia shoga, shoga, tangu filimbi ya kwanza hadi ya mwisho, alisimama katikati ya milingoti miwili akaokoa penalti tatu, na kila alipookoa aliwatazama waimbaji mpaka wimbo ukapwaya. Siku moja sokoni mzee asiyemfahamu alimshika mkono, akaubana kwa muda mrefu, akaenda zake bila kutaja jina. Mkono ule Relja aliubeba moyoni wiki nzima. Alijua alichokisema hakikuwa chake peke yake.

Lakini kuna mambo mawili yaliyomkata maini. La kwanza lilikuwa chumba cha kubadilishia nguo. Hakuna aliyemtukana. Gvozden, nahodha, jitu lenye shingo nene kama gogo ambalo kazi yake uwanjani ni kusukumana na mabeki mbele ya goli la wapinzani, aliendelea kumtania kama zamani, ila sasa kila utani ulikuwa na kona zilizokwepwa. Wengine walinyamaza. Na ilipokaribia siku ya Mtakatifu Georgi, ile ya Novemba, slava ya akina Relja, wakati ambao kila mwaka timu ilianza mapema kuulizana kama mama yake ameshaanza kuviringisha nyama na mchele kwenye majani ya kabichi, safari hii hakuna aliyetaja kabichi.

La pili lilikuwa baba yake.

Mzee Milisav alifanya kazi maisha yake yote mbele ya tanuri la kiwanda cha vioo, na kusimama kulimharibu miguu. Sasa siku ya slava mwenye nyumba haketi. Anasimama tangu mshumaa unapowashwa asubuhi mpaka unapozimwa kwa divai, anapokea wageni mlangoni, anamimina, anahudumia, anasimama. Mwaka jana, mbele ya meza iliyojaa, Milisav aliegemea kabati akasema miguu imekataa: mwakani atasimama Relja. Watu walipiga meza kwa viganja. Ndivyo slava inavyopita kutoka kwa baba kwenda kwa mwana, na ndivyo ilivyofika kwa Milisav mwenyewe. Relja alikuwa na vikombe kabatini na jina magazetini, lakini hakuna alichowahi kukitamani kama kusimama pale.

Tangu ile siku ya kamera, mzee hakulitaja tena. Hakufoka, hakumfukuza. Alikoma tu kuja uwanjani, na kiti chake, kilekile cha karibu na meza ya waamuzi, kikabaki kitupu mechi baada ya mechi.

Siku chache kabla ya slava Relja alikwenda nyumbani kwao kumsaidia baba kulipandisha pipa la kabichi ya chumvi kutoka chumba cha chini. Walilibeba kimya, mmoja juu, mmoja chini. Walipolitua jikoni, Milisav alijifuta mikono kwenye suruali, akakitazama kifuniko cha pipa badala ya kumtazama mwanawe.

"Nikikupa wewe," alisema, "wewe utampa nani?"

Relja alisema ataisimamia mpaka siku ya kufa kwake.

"Sijakuuliza utasimama mpaka lini. Nimekuuliza utampa nani."

Relja alikuwa na majibu ya waandishi, ya majukwaa, ya watu wa juisi, lakini swali hili halikuwa la kumdhalilisha mtu. Lilikuwa swali la mtu anayeogopa mshumaa kuzimika. Mama yake, Desanka, alimsindikiza hadi getini, na pale akamwambia kwa sauti ya chini kwamba padri amemuuliza kama Relja atakuwepo siku hiyo, na alipoambiwa atakuwepo, padri amesema nyumba za kubariki ni nyingi mwaka huu, hawezi kuahidi.

"Nami nimeviringisha kabichi za watu arobaini," Desanka akasema. "Nilianza kabla sijafikiri."

Njia nzima ya kurudi Relja aliiona akilini meza ya slava. Sahani zimepangwa, viti vimeazimwa kwa majirani, na baba yake amesimama kwa miguu yake mibovu akiungoja mlango. Mtu aliyejua kusimama mbele ya mipira hakujua kusimama mbele ya viti vitupu. Alipofika kwake alichukua simu, akaandika kwenye kundi la timu: Jumapili ni slava nyumbani kwetu, mnakaribishwa nyote.

Wakasoma wote. Simu ilimwonyesha kwamba wamesoma wote. Hakuna aliyejibu hata neno moja.

Akampigia Gvozden. Nahodha alikuwa anakula, Relja alisikia kijiko kikigonga bakuli. Akamwambia kuhusu Jumapili, akaongeza kwamba itakuwa vizuri akija. Kijiko kikasimama.

"Unaniita slava?" Gvozden akauliza.

"Ndiyo."

"Mimi?"

"Wewe, ndiyo. Na wengine."

"Sawa, golikipa," Gvozden akasema. "Nimekusikia." Akakata.

Tibor alikuwa ameketi upande wa pili wa meza, akikunja taulo za kazini. Alikuwa mkandaji wa misuli kwenye bafu za maji moto nje ya mji, mtu wa kaskazini, Mhungaria kwa kabila na Mkatoliki kwa ubatizo, mmoja wa watu ambao nyumbani kwao hakuna slava. Alikuwa amesikia yote. Alikunja taulo nyingine, kisha akauliza polepole kama na yeye Jumapili aje.

Na hapo Relja, aliyekuwa ametoka kuita timu nzima, alishindwa kumwita mtu mmoja. Alimwaza baba yake mlangoni, akamwaza Tibor kizingitini, na kati yao hakuona kitu. Akasema hajui.

"Basi na mimi sijui," Tibor akasema, bila hasira, na hilo lilimuuma Relja kuliko hasira.

Jumapili ikafika na jua la baridi. Milisav aliwasha mshumaa mbele ya picha ya Mtakatifu Georgi akiwa amevaa koti lake la harusi. Mkate wa slava ulikaa katikati ya meza, umepambwa kwa msalaba na ndege wa unga, haujakatwa, ukimsubiri padri. Kando yake lilikaa bakuli la ngano tamu iliyochemshwa na kupondwa pamoja na kokwa za jozi, ambayo kila anayeingia hulamba kijiko kimoja kabla ya kuketi. Saa za asubuhi akaja Bi Stamena, jirani mjane, akalamba ngano yake, akaketi karibu na jiko. Wakaja binamu wawili wa Desanka, wakasema maneno mengi kuhusu hali ya barabara. Mdogo wake Milisav hakuja, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza tangu azaliwe. Padri alimtuma mtu kusema ana mafua.

Mchana ukaingia. Supu ikapashwa moto, ikapoa, ikapashwa tena. Binamu walianza kuzungumza kwa sauti ndogo, kama watu waliokuja kumwona mgonjwa. Bi Stamena, ambaye masikio yake hayakuwa mazuri na ulimi wake ulikuwa mzima, akasema kwa sauti kwamba mwaka jana hapa hata pa kuweka kiwiko hapakuwepo. Desanka akampelekea keki ili mdomo wake upate kazi.

Milisav alisimama. Mkono wake ulikuwa umeshika mgongo wa kiti, na vifundo vya vidole vilikuwa vyeupe. Relja alitaka kumwambia aketi, akajua kwamba neno hilo, likitoka kwake, litakuwa sawa na kuomba baba anyang'anywe nafasi yake apewe yeye. Akahesabu moyoni aliyomfanyia baba yake kwa sentensi moja, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile kitu fulani kinachofanana na majuto kikabisha kifuani mwake. Hakukifungulia. Angesema nini badala yake? Kwamba ushindi anaitunukia hewa?

Hapo geti likalia.

Alikuwa Gvozden, na nyuma yake timu, si wote, lakini wengi, wamejaza njia ya uani kwa makoti yao, kila mmoja na chupa au boksi la keki mkononi. Wakafika kwenye ngazi ya mlango wakasimama. Milisav alishatoka kuwapokea, na Relja nyuma yake. Gvozden hakupanda ngazi. Alivua kofia.

"Mzee Milisav," akasema, "mimi leo sijaja slava. Nimekuja kushtaki."

Milisav akamtazama.

"Miaka tisa nakuja nyumba hii. Mwaka ule mvua imevunja daraja nilikuja na trekta ya mjomba. Mwaka ule mke wangu yuko hospitali anajifungua, nilipita hapa kwanza, akanitukana mpaka leo ananitukana. Kuna siku uliniita, Mzee?"

"Hapana," Milisav akasema.

"Kuna siku nilihitaji kuitwa?"

"Hapana."

"Basi muulize mwanao. Alhamisi nakula zangu supu, ananipigia simu, ananialika. Kama fundi bomba. Na hawa wote amewaandikia kwenye kundi." Nyuma yake watu walitikisa vichwa kukubali, mmoja akatoa simu yake na kuionyesha, kama mtu anayetoa ushahidi mahakamani. "Tumekaa tunajiuliza, tumemkosea nini huyu? Wengine wakasema, ukialikwa slava maana yake hutakiwi. Mimi nikasema, tutakwenda kwa baba yake."

Milisav aligeuka. Aligeuka mzima mzima, kwa shida, kwa sababu ya miguu, na kwa mara ya kwanza tangu mwanzo wa msimu alimtazama mwanawe usoni.

"Umeita watu slava?"

Relja akazitazama chupa mikononi mwa wenzake.

"Nimekuuliza. Umeita watu slava? Kwa simu?"

"Niliogopa hawatakuja, baba."

"Wasipokuja ni aibu yao. Ukiwaita ni aibu yangu." Sauti ya mzee ilikuwa inapanda, na uso wake umewiva, na Relja alitambua, kwa mshangao, kwamba anagombezwa. Hakuwa anaepukwa wala kuvumiliwa. Alikuwa anagombezwa, kama enzi zile alipovunja dirisha la Bi Stamena. "Nimeyavumilia ya televisheni. Nimeyavumilia ya magazeti, na ya wenzangu wa kiwandani, na ya mdogo wangu. Nikajisemea, sawa, mtu ni jinsi alivyo. Lakini kualika watu slava? Nani alikulea wewe?"

"Wewe," Bi Stamena akajibu kutoka ndani, kwa sauti ya kutosha.

Mtu mmoja kati ya wachezaji akacheka puani. Gvozden hakucheka.

"Mimi siingii na mwaliko shingoni," akasema. "Auondoe."

Relja alimtazama nahodha wake. Alilitazama lile jicho dogo chini ya nyusi zilizoshonwa mara nyingi, na akaona ndani yake kitu ambacho chumba cha kubadilishia nguo kilikuwa kimemficha: mtu huyu alikuwa ameumia. Majuma yote yale Relja alidhani wao ndio wanaompima kama bado ni mwenzao. Kumbe kwa simu moja yeye ndiye aliyewapima, akawakuta si ndugu.

"Usije," Relja akasema.

"Sijasikia. Na hawa wa nyuma hawajasikia."

"Msije. Hakuna aliyewaita. Rudini makwenu."

"Haya, hilo ndilo neno," Gvozden akasema, akapanda ngazi, akambusu Milisav mara tatu mashavuni. "Heri ya slava, mwenye nyumba." Alipompita Relja alimpiga kofi zito kisogoni. "Na huyo wako yuko wapi? Au naye umemwandikia barua?"

Relja akasema hakumwita.

"Angalau mmoja hukumtukana," Gvozden akasema, akaifuata harufu ya kabichi.

Nyumba ikajaa. Ngano ililambwa, rakija, pombe kali ya plamu, ikamiminwa, viti vya majirani vikapata watu. Mchezaji mmoja, beki wa kushoto ambaye hakuwa amemsemesha Relja tangu siku ya kamera, alimwomba chumvi, akaipokea, akasema asante, na halikuongezeka neno. Wengine wawili hawakuja kabisa na hakuna aliyewataja. Desanka alipita na sufuria huku analia na kucheka, akisingizia vitunguu ambavyo havikuwepo.

Ukabaki mkate. Bila padri, mwenye nyumba ndiye anayeukata alama ya msalaba kwa chini, anaumiminia divai, kisha yeye na wageni wanaushika pande zote kwa mikono na kuuzungusha polepole, mpaka unapovunjwa. Milisav alikichukua kisu. Watu wakasimama, kelele zikatulia. Mzee aliushika mkate kwa mkono mmoja, na kisu kwa mwingine, na hakukata. Aliutazama mshumaa, kisha akamtazama mwanawe.

"Lile swali langu," akasema. "Bado huna jibu."

"Sina, baba."

"Baba yangu naye hakuwa nalo. Mimi nilizaliwa yeye ana nywele nyeupe. Aliipokea slava hivyohivyo, hajui atampa nani." Akainamisha kichwa, kama mtu anayesikiliza miguu yake. "Utampa nani, hilo litakuwa lako. Mimi nimechoka kusimama."

Akamwekea kisu mkononi. Kisha, mbele ya timu na binamu na Bi Stamena, akavuta kiti na kuketi.

Hakuna aliyepiga meza kwa viganja kama mwaka jana. Walisimama tu, majitu yale yote, wakitazama sahani zao, na Gvozden akapenga kamasi kwenye leso kwa kishindo. Relja alikuwa amesimama na kisu. Uwanjani alijua milingoti iko wapi, alijua goli lake lina upana gani; hapa hakujua aanzie wapi kukata.

Geti likalia tena.

"Mwenye nyumba," Milisav akasema kutoka kitini, "kuna mtu mlangoni."

Relja alikwenda na kisu chake mkononi, maana hakukumbuka kukiweka. Pale kizingitini alisimama Tibor, amevaa koti la heshima, amekumbatia chupa ya divai kama mtu aliyebeba mtoto wa mwenzake. Alisema, kwa lafudhi yake ya kaskazini, kwamba tangu asubuhi ameketi akingoja simu, mpaka akakumbuka wazee anaowakanda kule kwenye maji moto. Wote wanamwambia jambo moja: slava hakuna kuitwa. Akajiona mjinga, akachukua koti.

"Heri ya slava," akamalizia, kisha akasita, hajui kama anayemwambia ndiye au siye. "Mwenye nyumba."

"Ingia," Relja akasema. Akasogea kumpisha, na nyuma yake chumba kizima kiliwangoja, mkate bado mzima katikati ya meza.

Aliyesema kwanza ni Milisav, na hakunyanyuka.

"Mkate haujazungushwa," akasema. "Mwambie anawe mikono."